Binti kaja na begi moja tu

Muvi ya Krismasi ya Kizungu ukishaona moja umeona zote, na mi nawaambia hiyo ndo raha yake. Dada wa mjini, ana kazi kubwa ambayo hatuambiwi vizuri ni ya nini, koti jekundu, anaongea na simu huku anatembea. Ana mchumba ambaye hamwangalii usoni. Kisha inatokea sababu, bibi kavunjika mguu au bosi kamtuma au gari limezimika kwenye theluji, anajikuta yuko kwenye kamji alikozaliwa, kamji kenyewe taa kila mti, na mtu wa kwanza kugongana naye, yaani kugongana kabisa mpaka kahawa inamwagika, ni mwanaume mwenye shati la drafti. Hapo hapo saluni nzima inasema "huyo!" Muvi imebakiza zaidi ya saa nzima na sisi tumeshamaliza kuozesha.

Mi ni msusi, niko Mabatini, na kuanzia mwisho wa Novemba mpaka tarehe 24 usiku mikono yangu haina likizo. Mwanza yote inasafiri jamani. Wa Bukoba wanawahi meli, wa Musoma wanawahi basi, wa Sengerema na Geita sa hivi wanapita zao juu ya daraja, na hakuna mwanamke anayekubali kufika kwao na kichwa kimechakaa, kwa hiyo wote wanapitia kwanza mikononi kwetu. TV ipo ukutani, fleshi imechomekwa, na kijana anayetuingizia muvi akiniona tu Desemba anaanza kucheka, "dada unataka tena zile za baridi?" Ndiyo, nataka za baridi. Nje joto, ndani drayer inaunguruma, feni inazungusha hewa ileile, na kwenye kioo cha TV watu wanapuliza vikombe. Huwezi kunielewa mpaka ukae humu.

Kwanza kabisa niseme jambo la kiufundi. Mtu anayesuka nywele ndogondogo anakaa kwenye kiti masaa mpaka makalio yanakufa ganzi, na muda mwingi namwinamisha, haoni kitu zaidi ya magoti yake. Sasa muweke muvi ya kijasusi, akiinua kichwa anakuta steringi kawa adui na adui kawa baba yake, anaanza kuuliza, na akiuliza anageuza shingo, na akigeuza shingo mstari wangu umeenda kombo. Muvi ya Krismasi haina huo usumbufu. Umeinama wanaoka biskuti, umeinuka wanapamba mti. Hujapitwa na kitu.

Na kumbe sio bahati mbaya. Hizi muvi zimetengenezwa kwa ajili ya TV, sio kwa ajili ya ukumbi wa giza, na TV ya Marekani ina matangazo mengi kweli, kwa hiyo waandishi wa Hallmark, chaneli ya kule inayozitoa kwa wingi, wanaikata stori vipande tisa, kila kipande kinaishia mahali pa kukufanya usiende kulala, halafu kikirudi kinakukumbusha kidogo tulikuwa wapi. Muvi yenyewe haifiki hata saa moja na nusu lakini inajaza masaa mawili ya kwenye ratiba. Mtu anayeenda jikoni akirudi anaelewa. Mteja aliyeinamishwa akiinuka anaelewa. Sidhani kama kuna mtu kule aliwahi kumfikiria mteja wangu wa kusuka knotless lakini ametengenezewa yeye.

Hallmark wenyewe ni watu wa kadi. Zile kadi za heri ya Krismasi, heri ya kuzaliwa. Kampuni ilianza 1910 huko Kansas City, kijana mmoja anaitwa Joyce Hall (ni mwanaume, msichanganyikiwe) akiuza postikadi. Chaneli yenye jina hilo ikaja 2001, na mwaka 2009 wakaanzisha msimu wao wa kuhesabu siku kuelekea Krismasi, na msimu huo sa hivi unaanza Oktoba, kabla hata sisi hatujafikiria ada za Januari. Kuna miaka wametoa muvi mpya kama 40 kwa msimu mmoja. Arobaini! Wenzao nao wakaona hela hiyo, Lifetime wakaingia, Netflix wakaingia, kila mtu ana kijiji chake cha taa.

Ili kutoa nyingi hivyo hawakai nayo, muvi moja inapigwa kwa wiki mbili tatu tu. Nyingi zinapigwa Kanada, upande wa British Columbia na Ontario, na mara nyingi katikati ya kiangazi. Yaani yule dada anayetetemeka na kufungwa skafu na mwanaume wa shati la drafti anatoka jasho. Theluji ni povu, ni pamba, ni barafu ya kusagwa. Siku niliyowaambia hilo wateja, dada mmoja aliyekuwa chini ya drayer akasema basi na wao wanajua tunayopitia humu, na tangu hapo kila tukiona koti tunalionea huruma.

Waigizaji nao ni walewale. Lacey Chabert keshacheza za Hallmark zaidi ya 30, wanamwita malkia wa Krismasi, na binti ninayemfundisha kusuka aliwahi kunisimamisha, "anti, huyu si jana tulimuozesha na yule mwenye mbwa?" Kuna mwingine Danica McKellar, huyo ana digrii ya hisabati ya UCLA na kuna nadharia ya hesabu inabeba jina lake pamoja na wenzake wawili, mi nikimuona anahangaika kufungua boksi la mapambo mpaka mwanaume aje amsaidie nacheka peke yangu.

Halafu kuna hili ambalo watu hawalisemi ila kila aliyelelewa nyumba yenye sebule moja analijua. Busu. Muvi za kawaida ukikaa na wazazi unaanza kuwaza mapema rimoti iko wapi, mzee anakohoa, mama anakumbuka ghafla kuna maji yanachemka, wewe unaangalia ukuta. Muvi ya Krismasi ina busu moja, liko mwisho kabisa, theluji ya pamba inadondoka, na kabla ya hapo walishataka kubusiana mara moja akaingia mtoto au mbuzi wa maonyesho wakaachana. Wanalala vyumba tofauti, na nguo zote. Unaangalia na mama mkwe. Unaangalia na katekista. Saluni yangu inaingia mtoto wa chekechea na bibi yake siku moja kusuka twende kilioni na mi sina haja ya kukimbilia kitu chochote.

Sasa lugha. Wale madj wetu wa kutafsiri muvi wako bize na za ngumi na za Kihindi, hakuna aliyejitolea kutafsiri biskuti. Kwa hiyo kazi inafanywa na binti yangu wa kazi, ambaye Kiingereza chake kina mashimo na anayaziba mwenyewe. Mwanaume akisema kitu kirefu dirishani yeye anatuambia "anasema mke wake alikufa na hajawahi kupika tena." Mara nyingi anapatia! Maana yule mwanaume karibu kila muvi mke wake alikufa, ana mtoto mmoja wa kike mwerevu kuliko wote, na anatengeneza vitu vya mbao. Ugomvi wa humu ndani siku zote ni kuhusu huyo. Wateja wangu wengi hawamtaki. Wanamtaka mchumba wa mjini, yule wa simu, kwa sababu wanaangalia koti lake na gari lake wanasema kosa lake nini, kwamba anafanya kazi? Mwanaume anapokea simu za kazi mpaka Krismasi huyo anaachwa kweli? Fundi seremala tunao hapa Mabatini, anachukua advansi ya kitanda Machi unaletewa Septemba, na hana hata mbwa.

Lakini aliyenifanya niandike hii ni mama mmoja wa Mwaloni, anauza dagaa pale Kirumba, mtu mzima, ana sauti ya kuita wateja toka ng'ambo ya barabara. Alikuja kusuka, tukaweka ile ya bekari. Mnaijua, hata kama hamjaiona mnaijua, bekari ya familia inataka kufungwa, tajiri anataka pale pajengwe hoteli, binti karudi toka mjini, wanafanya maonyesho usiku mmoja, kijiji kizima kinakuja kununua biskuti, bekari inapona. Yule mama kaangalia kimya mwanzo hadi mwisho. Halafu akauliza, "Hiyo bekari inadaiwa shilingi ngapi?" Tukasema haijatajwa. "Inadaiwa na nani?" Benki. "Marejesho ya wiki au ya mwezi?" Hatujui mama. "Na zile biskuti, unga walikopa wapi?"

Kimya.

"Kwa biskuti zile hata riba haijalipwa," akasema. "Wale wangekuwa na kausha damu Januari kochi lingekuwa barabarani."

Tulicheka mpaka nikaacha kusuka. Ila nilichokuwa nasubiri ni kwamba atasema ni upuuzi, toa weka taarabu. Hakusema. Alisema, "weka nyingine." Na akaongeza kitu ambacho ndo kimenikaa kichwani mwezi huu wote: "Mi hela nimewasamehe. Mi nashangaa yule binti kaenda kwao na begi moja tu, na hakuna aliyemuuliza."

Jamani. Rudini mkaangalie. Ni kweli kabisa. Zote! Binti ametoka mjini, ana cheo, hajaonekana nyumbani miaka, anashuka kwenye gari na kibegi cha matairi cha kutosha nguo za wikiendi. Mama yake anafungua mlango, anamkumbatia, anamwambia ingia utapata baridi, anampa chokoleti ya moto. Yeye ndo anapewa! Hakuna anayechungulia nyuma yake kuona kama kuna kiroba. Kaka yake hamvuti pembeni kumwambia lile suala la pikipiki. Shangazi yupo, ila shangazi anaoka keki na kutoa ushauri wa bure. Binti anakaa siku kumi, hajatoa hata mia, na siku ya kuondoka wanalia kwa sababu anaondoka.

Mi kwetu ni Ukerewe. Ukiwa bandarini asubuhi ya Desemba unangoja meli ya Nansio angalia mizigo, usiangalie watu. Sukari, mchele, mafuta ya dumu la lita tano, ngano, magodoro yamekunjwa yamefungwa kamba ya katani, mtoto kabeba tochi ya sola ya babu, mwanamke kavaa viatu vipya na anachechemea ila hawezi kuvivua kwa sababu ndo atashuka navyo. Safari ni masaa matatu na ushee na muda wote huo mtu anahesabu kichwani, cha mama kipo, cha baba mdogo kipo, cha jirani aliyemuuguza mama mwezi wa sita, eh, cha jirani! Na simu imeshaanza kuita kabla meli haijakata kona. "Umeshapanda? Haya. Usisahau ile dawa ya mbuzi." Wenzetu wa Sengerema walikuwa na kisingizio cha foleni ya kivuko pale Busisi, mtu anasema mzigo nimeshindwa kuuhangaikia, tangu 2025 daraja limefunguliwa, kilomita 3 za lami juu ya maji, unavuka dakika chache, kisingizio hakuna.

Msinielewe vibaya, kupeleka ni raha. Mama anavyokifungua kile kitenge, anakiweka begani, anakikunja tena haraka kama vile si chake, hiyo mi nalipia mwaka mzima. Ila kuna miaka mfuko umetoboka. Na mwaka wenye mfuko uliotoboka watu hawasemi "sina hela ya kwenda", wanasema "kazi zimebana mwaka huu, nitakuja Pasaka." Mi nawasuka hao. Nawajua. Mtu anakuja tarehe 22 anasuka vizuri tu, namuuliza lini safari, ananiambia sisafiri, mwaka huu nimeamua kupumzika. Kisha anaangalia TV kwa makini kuliko wote.

Ndo maana nasema watu wanaocheka hizi muvi wanacheka mahali pasipo. Wanasema ni za mapenzi ya uongo. Mapenzi kila mtu anajua ni ya uongo, hata mtoto wa chekechea yule alisema "watafunga ndoa" akaendelea na ubuyu wake. Theluji ya uongo tumeshasema. Kinachotushika sisi humu ni ule mlango, mtu anafika mikono mitupu na mlango unafunguliwa mpaka mwisho. Yule mwanaume wa mbao ni nyongeza. Kila nikimtoa kwenye stori naona muvi bado inasimama, ila nikimtoa yule mama wa mlangoni hakuna muvi. Na hata swali la "mchumba yuko wapi" kule linaulizwa na bibi mmoja tu, kwa utani, mara moja, halafu wanakula. Kwetu linaulizwa kuanzia gatini.

Netflix mwaka 2017 walitania hadharani kwamba kuna watu 53 waliangalia muvi yao moja ya mwana wa mfalme kila siku kwa siku 18, wakauliza hao watu nani aliwaumiza. Watu wengine walichukia kwamba kumbe tunachunguliwa. Mi niliposoma nikasema kati ya hao 53 hakosi msusi, na swali mmekosea, hamkupaswa kuuliza nani aliwaumiza, mngeuliza wanatakiwa kupeleka nini nyumbani.

Kwa hiyo sasa hivi mradi wetu humu saluni, katikati ya vichwa, ni kutunga ya kwetu. Ya Ukerewe. Hatuna kamera, hatuna hela, tuna midomo. Tumekubaliana inaanza Mwanza, dada anafanya kazi ofisi ya ghorofani, mchumba wake hamwangalii usoni. Mvua badala ya theluji. Kuna mtu akapendekeza senene, zile zinavyojaa kwenye taa usiku Novemba na Desemba, zinaangukia mabegani, wote wawili wanainama kuziokota na vichwa vinagongana, nikasema hiyo iandikwe, hata Kanada hawana hiyo. Mwanaume tumegombana sana, mwisho tukakubali awe fundi wa injini za mitumbwi, mke hakufa, hakuwahi kuwa naye, tumechoka na misiba. Busu hamna, wanashikana mikono kwenye mawe, mama wa Mwaloni kasema hata mikono imezidi ila basi.

Tatizo ni mlango. Mi nikasema dada afike na begi moja, mama yake afungue, amwambie ingia, ampe uji. Hasemi kingine.

Kimya tena humu ndani. Kisha binti yangu wa kazi, huyu wa kutafsiri, akasema, "Anti, hiyo watu hawataamini."

"Kwani theluji ya pamba wanaiaminije?"

"Hapana, ila hata sukari? Hata sukari jamani? Ya chai atakayokunywa yeye mwenyewe?"

Dada wa drayer akasema basi apewe sukari, kilo mbili, kwenye mfuko, isionyeshwe sana.

"Kilo mbili unaenda nazo Ukerewe Desemba?" mama wa Mwaloni akageuka mzima mzima, mstari wangu ukaenda kombo. "Weka tano. Na majani ya chai. Msituaibishe kwenye TV."